Kufufua Motokaa Kuukuu: Mashauri Kabla ya Kushika Spana



Maneno yetu ya leo yahusu motokaa kuukuu, na namna ya kupatana na mafundi wa karakana ili motokaa hiyo ifufuliwe na kutembea tena. Huenda mtu akasema, “Jambo hili lanihusu nini mimi, mkulima wa Ikuti?” Lamhusu sana, maana motokaa kuukuu ni mali, na mali ikitengenezwa bila shauri hula mali nyingine. Wako watu waliouza ng’ombe, kisha wakauza shamba, na gari likabaki juu ya mawe vilevile, halina injini wala magurudumu.

Tuchukue mfano. Tuseme iko familia moja Ikuti, katika wilaya ya Rungwe, yenye Land Rover aliyoiacha babu yao. Imesimama miaka mingi chini ya kibanda cha mabati kando ya migomba. Watoto na wajukuu wamekusanya fedha za kahawa na parachichi, na mmoja wao aliye Mbeya ameahidi kuongeza. Shauku ni kubwa, kila mmoja ataka kusikia mlio wa injini ile. Je, waanze wapi? Watu wengi hujibu, “Tumwite fundi.” Jibu hilo si baya, ila halijafika wakati wake. Kabla ya kumwita fundi yako mambo ya kujua, na tutayaeleza moja moja.

Kwanza yafaa kujua gari lenyewe ni kitu gani. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 30 Aprili, mwaka 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Aliyeifikiri ni Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, akitaka gari la kazi za shamba. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo. Basi watengenezaji walitumia bati la alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na chuma wakakiweka pale palipohitaji nguvu: katika mifupa ya chini, ambayo mafundi wetu huiita chesesi, na katika ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva.

Habari hii ya kale si hadithi ya kupitisha wakati. Inaeleza ni kwa nini Land Rover yaweza kuonekana nzima machoni, na kumbe chini imeoza. Alumini haishikwi na kutu nyekundu kama chuma. Bodi hukaa miaka mingi ikipendeza. Lakini chesesi ni mirija ya chuma yenye pembe nne, wazi ndani. Tope na maji huingia humo, hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku utakapoiona kwa nje, ndani kazi yake imekwisha zamani.

Tena, pale alumini inapogusana na chuma, na maji yakawapo, hutokea jambo kama lile la ndani ya betri ya tochi: madini moja huliwa kwa ajili ya jingine. Hapa alumini ndiyo iliwayo, ikawa unga mweupe kuzunguka misumari na boliti. Nasi twajua mvua za Rungwe. Tukuyu ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi mno katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Gari lililosimama Dodoma, penye ukavu, haliwezi kulinganishwa na gari lililosimama Ikuti.

Yafaa vilevile kujua ni Land Rover ya wakati gani. Toleo la kwanza liliundwa toka 1948 hata 1958. La pili lilianza 1958, likafanyiwa mabadiliko mwaka 1961. Na la tatu liliundwa toka 1971 hata 1985. Baadhi ni fupi, zenye inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma, na baadhi ni ndefu, zenye inchi 109. Vipuri vingine vyafanana, vingine havifanani hata kidogo. Mtu anunuaye spea kabla ya kujua toleo la gari lake hununua chuma cha kuwekea kabatini.

Jambo la pili ni haki ya mali. Gari la babu ni la nani sasa? Ikiwa kadi ya gari ingali na jina la marehemu, familia haina budi kukaa kikao, kisha msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, ndipo umiliki uhamishwe kwa njia ya halali. Wengi huliacha jambo hili mpaka mwisho. Gari likiwa bovu hakuna amtakaye. Likisha kung’aa, kila mwana wa ukoo hukumbuka kwamba babu alimwahidi yeye. Basi afadhali maneno yamalizwe wakati gari lingali limekaliwa na kuku. Na namba ya chesesi ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika kadi. Zikihitilafiana, jambo hilo lipelekwe kwanza kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Jambo la tatu, nalo ndilo mzizi wa mengine yote, ni kujiuliza: twalifufua gari hili kwa kazi gani? Maana kufufua kuna namna mbalimbali. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yako magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere. Hayo huhifadhiwa ili watu wayatazame na kukumbuka. Hayatakiwi kubeba ndizi. Huko Kenya, toka mwaka 2003, yamekuwako mashindano ya magari ya kale katika njia za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Magari hayo hutengenezwa kwa nguvu na mwendo. Na mwezi wa Oktoba 2024 watu wenye Land Rover walikusanyika kwa wingi Arusha katika tamasha la magari hayo, ya kale na mapya, mengine yakiwa yamepambwa, mengine yakiwa na vumbi la kazi.

Familia yetu ya Ikuti yataka nini? Ikiwa yataka gari la ukumbusho, lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani: kila kipuri cha asili, kila rangi ya asili, na gharama itakuwa kubwa. Ikiwa yataka gari la kupeleka mazao Tukuyu na kurudi salama, basi breki, usukani na chesesi vitangulie, na viti viweza kushonwa na fundi wa hapahapa. Namna zote mbili ni halali. Haifai kuchanganya, leo kumwambia fundi “fanya rahisi,” na kesho “nataka kama mpya.” Maneno hayo mawili yana bei mbili.

Baada ya hayo ndipo gari lichunguzwe. Uchunguzi wa kwanza mwaweza kuufanya wenyewe. Chukueni nyundo ndogo, mlale chini ya gari lililowekewa magogo imara, mgonge chesesi polepole toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa mlio mzito, kama kugonga gogo bovu. Palipo na shaka, sukumeni kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, pameoza. Tazameni zaidi boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na sakafu penye miguu ya dereva.

Injini iliyolala miaka mingi isiwashwe kwa pupa. Huenda pistoni zimeganda ndani ya silinda. Toeni plagi, tieni mafuta mepesi katika kila tundu, mwache siku kadhaa, kisha jaribuni kuizungusha kwa hendeli, kwa mkono, bila nguvu nyingi. Ikizunguka, kuna tumaini. Ikikataa, mwachieni fundi. Petroli ya zamani imwagwe mbali na moto na mbali na mto, kwa kuwa imekwisha kuharibika na huacha gundi katika njia za mafuta. Na msithubutu kulitembeza gari hilo mtelemkoni, hata kama injini imewaka. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na maji hayo huozesha silinda za breki. Katika milima ya Rungwe, gari lisilo na injini ni hasara, lakini gari lisilo na breki ni msiba.

Sasa twafika kwa karakana. Jina kubwa na kibao kizuri si dalili ya kutosha. Nendeni mkaone kwa macho. Ulizeni: “Ni gari gani la namna hii mlilolimaliza, na mwenyewe yuko wapi tukamwulize?” Fundi mwema hufurahi kuulizwa hivyo. Tazameni kama magari yaliyofunguliwa yamelala ndani au mvuani. Tazameni boliti na nati zimewekwa wapi. Zikiwa katika mikebe yenye majina, kazi ina utaratibu. Zikiwa zimetawanyika katika mchanga, na gari lenu litatawanyika vivyo hivyo. Ulizeni pia nani anachomelea, nani ni fundi umeme, nani ni fundi wa rangi, maana mtu mmoja kwa kawaida hazijui kazi zote. Mkoani Mbeya wako mafundi waliosomea ufundi huu katika chuo cha VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wako waliojifunza kwa mikono miaka mingi. Cheti ni kizuri, na kazi iliyokwisha ni ushahidi wake.

Mkisha kuchagua karakana, msiulize mara moja, “Bei gani mpaka mwisho?” Fundi mwaminifu hawezi kujua, kwa kuwa hajaona ndani. Akitaja bei papo hapo, basi ama ameiweka juu sana ili ajilinde, ama ameiweka chini ili awapate, na baadaye atarudi akisema, “Tumekuta mambo mengine.” Njia iliyo bora ni kugawa kazi mara mbili. Kwanza, mlipeni fundi kwa kazi moja tu: kulifungua gari, kulisafisha, kulichunguza na kuandika orodha ya yote yaliyoharibika. Kazi hiyo ina bei yake, na ikimalizika deni limekwisha. Pili, orodha ikiwa mkononi, ndipo mpatane juu ya matengenezo yenyewe. Nanyi, mkiona gharama inapita uwezo, mwaweza kusimama hapo bila ugomvi. Kusimama mapema si aibu. Aibu ni kuuza shamba kwa ajili ya chesesi iliyokufa.

Wakati gari linapofunguliwa, kila kitu kipigwe picha kwanza. Siku hizi simu nyingi zina kamera, na picha haina gharama. Kila kipuri kitiwe kifuko na kibandiko chenye jina na mahali kilipotoka. Kazi hii yafaa vijana wa shule waliomo nyumbani: wana macho mazuri na mwandiko safi. Baada ya miezi sita hakuna fundi atakayekumbuka boliti ipi ilikuwa ya mlango wa kushoto, ila kibandiko kitakumbuka.

Sasa habari ya fedha. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Basi liwepo daftari moja, nalo likae kwa mtu mmoja wa familia anayeaminiwa. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme makadirio baada ya uchunguzi ni shilingi 10,000,000. Familia isianze ikiwa na shilingi 10,000,000 kamili. Ongezeni sehemu ya tano, yaani shilingi 2,000,000, iwe akiba ya mambo yasiyoonekana, kwa kuwa gari la kale huwa na siri hata baada ya kufunguliwa. Akiba hiyo isikae kwa fundi, na ikiwezekana fundi asijue kiasi chake. Kisha zile shilingi 10,000,000 zigawanywe kwa hatua. Toeni arubuni ya kununulia vifaa vya hatua ya kwanza. Hatua ikimalizika, mwende mkaione, mlipe, ndipo ya pili ianze. Sehemu ya mwisho ibaki mikononi mwenu mpaka gari limejaribiwa barabarani. Kwa njia hiyo fundi hafanyi kazi ya bure, nanyi hamlipii kazi isiyofanywa.

Mapatano yaandikwe, kila upande ubaki na nakala yake, na mashahidi watie sahihi. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano, lakini ni vigumu kuyathibitisha watu wakisha kukasirika. Ndani ya maandishi yawemo haya: kazi gani itafanywa na ipi haitafanywa, nani atanunua spea, na risiti zitakaa kwa nani, spea za zamani zirudishwe kwa mwenye gari, hata zikiwa mbovu, kazi yoyote ya ziada isifanywe kabla ya kuandikwa bei yake na kukubaliwa, gari litalala wapi, na nani atawajibika likiibiwa au likiungua, na kazi itamalizika lini. Andikeni pia siku ya kutembelea karakana, mathalan Jumamosi moja katika kila mwezi. Jicho la mwenye mali huharakisha kazi pasipo kelele.

Utaratibu wa kazi wenyewe yafaa mwujue, msije mkadanganyika. Chesesi ndiyo ya kwanza. Palipooza pakatwe na kutiwa chuma kipya kilichochomelewa vizuri; kubandika kipande juu ya kutu ni kuifunika kutu iendelee kula. Chesesi ikisha kupona, ilindwe. Ninyi mnajua kwamba mabati ya nyumba hudumu kwa sababu chuma kimevikwa zinki. Chesesi nayo yaweza kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, mahali palipo na mtambo wa kazi hiyo. Pasipo mtambo, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwa nje, na ndani ya mirija inyunyizwe mafuta mazito. Tena matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Baada ya chesesi ni ekseli, springi, usukani na breki. Kisha injini na giaboksi. Kisha nyaya zote za umeme, maana mpira wa nyaya za kale hupasuka, na panya huzitafuna. Waya ulio uchi huweza kuteketeza gari zima kwa dakika chache. Kisha bodi. Rangi ni ya mwisho.

Hapo penye rangi yapasa tutue kidogo, kwa kuwa ndipo hasara nyingi zinapojificha. Mwenye gari hupenda kuona rangi mapema. Fundi ajua hivyo. Basi huchukua puti, akaziba mashimo ya kutu, akapiga msasa, akapaka rangi ya kijani inayong’aa, na mwenyewe akija hucheka kwa furaha na kulipa fedha yote iliyobaki. Baada ya masika moja rangi huvimba kama mkate, na kutu yatoka chini yake. Tena, atakayetaka kuchomelea chesesi baada ya hapo itamlazimu kuiunguza rangi ileile aliyoilipia. Wahenga walisema, “Mwenye kovu usidhani kapoa.” Puti juu ya kutu ni kovu juu ya kidonda kibichi. Kwa hiyo andikeni katika mapatano kwamba rangi haitapakwa mpaka bodi ionekane ikiwa chuma kitupu na alumini tupu, nanyi mmeiona kwa macho, na picha zimepigwa. Na mkibadili rangi ya gari, au mkitia injini nyingine, kumbukeni kwamba rangi na namba ya injini zimeandikwa katika kadi. Kadi nayo irekebishwe.

Siku ya kupokea gari, msilipokee uwanjani mwa karakana. Litembezwe. Lipande mlima likiwa na mzigo kiasi, lishuke, lisimamishwe mara kadhaa mahali salama, litazamwe kama linavuta upande mmoja. Kutoka Mbeya hata Tukuyu ni mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa barabara ya lami iendayo Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Njia hiyo ina vilima vya kutosha kumfunua fundi mzembe. Mkisha kufika, tazameni chini kama yako mafuta yanayodondoka. Bima ikatwe, na gari likaguliwe kama sheria inavyotaka, kabla halijabeba watu. Na baada ya kilomita mia chache lirudishwe kwa fundi ili boliti zikazwe upya na mafuta ya injini yabadilishwe.

Basi, kwa kifupi: jueni gari ni la nani, jueni mwalitaka kwa kazi gani, lifunguliwe na kuandikwa kabla ya kupatana bei, lipeni kwa hatua, na rangi iwe ya mwisho. Mambo haya matano hayahitaji elimu kubwa. Kalamu, daftari na subira vyatosha.

Mkiyafuata, hata kama mwisho wake ni kukata shauri kwamba Land Rover ya babu haiwezi kufufuka, mtakuwa mmejua kwa gharama ndogo, na shamba litakuwa bado lenu. Na kama yaweza kufufuka, itapanda vilima vya Ikuti ikiwa na mazao yenu, na mtu atakayeigonga chesesi kwa nyundo atasikia sauti ya chuma kizima.